Kipimo kimesema unao. Je, daktari anaijua hesabu yake?

Hebu tupige kura kidogo. Hakuna kuchungulia jibu la jirani, hakuna Google.

Kuna ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake kipo, na hakimkosi mgonjwa hata mmoja. Shida ni kwamba kikimpima mtu asiye na ugonjwa huo, mara 5 kati ya 100 kinamsingizia ati anao. Sasa mtu mmoja ametolewa tu barabarani. Hana dalili, hajalalamika popote. Amepimwa na kipimo kimesema anao. Uwezekano kwamba kweli anaugua ni kiasi gani? A: asilimia 95. B: asilimia 50. C: asilimia 20. D: asilimia 2.

Umechagua? Shikilia jibu lako hapo hapo.

Mwaka 1978 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha majibu ya watu 60 walioulizwa swali hili katika hospitali za Harvard, Marekani. Si watu wa mtaani hao. Walikuwa madaktari waliobobea, madaktari wanagenzi na wanafunzi wa udaktari. Machaguo manne hapo juu nimeyaweka mimi, wao waliambiwa tu wataje jibu. Jibu lililotajwa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95. Waliopata walikuwa 11. Watafiti wengine walirudi na swali lile lile Boston, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo: kati ya watu 61, waliopata walikuwa 14, na bado jibu lililopendwa zaidi lilikuwa 95. Miaka zaidi ya 30 imepita, kompyuta zimeingia kila wodi, na swali lile lile bado linawalaza watu chali.

Jibu ni D. Hebu tuone kwa nini, na hatuhitaji fomula. Panga watu 1,000 kwenye foleni kama ya Huduma Center. Mgonjwa kati yao ni 1, na kipimo kinamnasa. Waliobaki 999 hawana kitu, lakini kipimo kinasingizia 5 kati ya kila 100, kwa hivyo karibu 50 wanatoka na karatasi inayosema wanao. Jumla ya karatasi hizo ni 51. Mgonjwa wa kweli ni 1 kati ya hao 51, yaani kama asilimia 2.

Kama ulisema 95, usijali, uko na madaktari wengi sana. Ila wewe hutampa mtu habari hiyo kesho asubuhi akiwa amekaa mbele yako na mikono inatetemeka. Wao watampa.

Siku 56 za kuongea pesa

Hapa kwetu, tangu mgomo wa 2024, stori ya madaktari wanagenzi imekuwa ni pesa. Na ilibidi. Chama cha madaktari, KMPDU, kiliweka zana chini kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, siku 56. Moja ya mambo yaliyokwama lilikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba ulitaja zaidi ya Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikasema iliyo nayo ni Sh70,000. Mtu amesoma miaka 6, halafu anakaa nyumbani akingoja kupangiwa hospitali. Hapo sina ubishi, mtu alipwe.

Lakini katika kelele hizo zote kuna swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye runinga wala kwenye X: ndani ya ile miaka 6, mtu anafundishwaje kusoma namba? Sisemi kuhesabu vidonge. Nasema kusoma kipimo, kujua "asilimia 95" inamaanisha nini ikitoka maabara na haimaanishi nini.

Labda utasema hii ni hesabu ya Wazungu na magonjwa yao adimu. Basi tuchukue malaria, ugonjwa ambao kila familia Kenya ina stori yake.

Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulipima watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14. Kwa nchi nzima, 6 kati ya 100 walipatikana na vimelea. Ukanda wa Ziwa Victoria ulikuwa na 19 kati ya 100. Maeneo yenye hatari ndogo hayakufikisha hata 1.

Sasa tuseme una kipimo cha kudunga kidole kinachonasa 95 kati ya kila 100 walio na malaria, na kinachosingizia 5 kati ya kila 100 wasio nayo. Namba hizi nimezichagua ziwe rahisi, usiende kuzitafuta kwenye pakiti. Unakibeba mpaka shule moja karibu na Ziwa, unawapima watoto 1,000, wenye homa na wasio na homa. Walio na malaria ni 190, kipimo kinawanasa kama 180. Wasio nayo ni 810, kipimo kinawasingizia kama 40. Ukimshika mtoto yeyote ambaye kipimo kimesema anayo, uwezekano kwamba ni kweli ni 180 kwa 220, zaidi ya 8 kati ya 10. Poa, kipimo kinafanya kazi.

Chukua pakiti ile ile, panda nayo hadi sehemu ya baridi ambako walio na malaria ni 10 kati ya 1,000. Kipimo kinawanasa hao 10, au pengine 9. Waliobaki 990 kinawasingizia kama 50. Sasa aliyeambiwa anayo, uwezekano ni kama 10 kwa 60. Mtoto 1 kati ya 6.

Kampuni ni ile ile, pakiti ni ile ile, hata muuguzi ni yule yule. Kilichobadilika ni watu waliosimama kwenye foleni. Na hao 50 waliosingiziwa wanarudi nyumbani na dawa za malaria, huku kama kuna kitu kingine, mathalan nimonia, kinaendelea kula mapafu polepole.

Kazini ni kweli daktari hapimi shule nzima, anapima mtoto aliyeletwa akiwa na homa, na hilo lenyewe linapandisha uwezekano. Ndiyo maana atamuuliza mama, "Mlikuwa Kisumu wiki jana?" Si umbea. Anatafuta huyu mtoto ametoka foleni gani. Daktari anayejua sababu ya swali hilo ataliuliza hata saa tisa usiku akiwa amechoka. Asiyejua sababu ataliruka.

Si ujinga, ni namna wanavyofundishwa

Rahisi sana kusema madaktari hawajui hesabu. Hao ni watu waliopata A za KCSE mpaka zikamwagika. Shida iko kwingine.

Mwaka 2007 jarida la JAMA lilitoa utafiti uliofanywa jimbo la Connecticut, Marekani. Madaktari 277 wanaosomea ubingwa walipewa mtihani wa takwimu, aina ile ya takwimu inayojaa kwenye majarida ya tiba wanayotakiwa kusoma. Wastani wao ulikuwa asilimia 41. Karibu wote walikubali takwimu ni muhimu kwa kazi yao. Robo tatu walisema hawaelewi takwimu zote wanazokutana nazo kwenye majarida hayo. Kwa hivyo hakuna anayedharau somo. Wanalitaka, halijawaingia.

Ujerumani kuna mwanasaikolojia anaitwa Gerd Gigerenzer ambaye amefanya kazi hii miaka mingi. Katika makala ya 2007, yeye na wenzake walieleza jinsi madaktari 160 wa magonjwa ya wanawake walivyoulizwa kuhusu kipimo cha saratani ya matiti, na machaguo manne ya jibu. Waliopata walikuwa asilimia 21. Hebu tulia hapo kidogo: ukiwa na machaguo manne, hata ukifumba macho na kubahatisha unapata 25.

Halafu wakafundishwa kitu kimoja tu. Acha kuongea kwa asilimia, ongea kwa watu. Badala ya kusema "asilimia 1 ya wanawake, asilimia 90 ya wagonjwa, asilimia 9 ya wasio wagonjwa," sema hivi: kati ya wanawake 1,000, walio na saratani ni 10. Kipimo kinawanasa 9. Waliobaki 990, kipimo kinawasingizia 89. Jumla ya walioambiwa wanayo ni 98, na wagonjwa kweli ni 9. Yaani 1 kati ya 10 hivi. Waliporudishiwa swali, waliopata walikuwa asilimia 87.

Kutoka 21 hadi 87 bila mashine mpya, bila dawa, bila bajeti ya kaunti. Ubongo wetu haujazoea asilimia, umezoea kuhesabu watu. Makanga anajua hilo, haambiwi gari limejaa asilimia 93. Anaambiwa imebaki mmoja.

Basi kama dawa ni rahisi hivyo, mbona haijaenea? Hapo ndipo tunaingia darasani.

"Kuna swali?" Kimya.

Mimi chuo nilikiacha kabla ya kumaliza, lakini kuna sauti moja sitaisahau, nayo ni ile ya kimya baada ya lec kuuliza, "Kuna swali?" Ukumbi una watu 300. Nusu wamepotea tangu slaidi ya tatu. Hakuna mkono unaopanda, kwa sababu ukiinua mkono umejitangaza. Lec anaona kimya, anadhani tumeelewa, anaendelea. Ukweli unatokea siku ya mtihani, na hapo wengine wameshachora mwakenya kwenye paja.

Kwa wanafunzi wa udaktari kimya hicho kina uzito zaidi, manake hiyo ni fani ya ngazi. Prof yuko juu, mwanagenzi yuko chini, mwanafunzi yuko chini ya chini. Kusema "sijaelewa" mbele ya mtu atakayekupa maksi za wodini si jambo dogo.

Teknolojia ninayotaka tuiongelee inalenga kimya hicho. Kila mwanafunzi anapewa kirimoti kidogo chenye vitufe, au anatumia simu yake. Mwalimu anaweka swali lenye machaguo kwenye skrini. Kila mtu anapiga kura, hakuna jina. Sekunde chache baadaye grafu inatokea ukutani: 12 wamesema A, 140 wamesema B, na kadhalika. Ghafla kimya kimepata sauti. Mwalimu anaona kwa macho kwamba nusu ya ukumbi imepotea. Na wewe uliyedhani uko peke yako gizani unaona mko 140.

Mtu aliyeufanya mtindo huu ujulikane ni Eric Mazur, mwalimu wa fizikia hapo hapo Harvard. Alikuwa akifundisha kwa mihadhara, wanafunzi wakimsifu na mitihani wakipita. Siku moja akawapa maswali mepesi ya kupima kama wameelewa mambo ya msingi ya fizikia au wamekariri tu. Wengi wakaanguka. Kuanzia 1991 akabadilisha mtindo. Swali linawekwa, kila mtu anafikiri peke yake na kupiga kura. Halafu unamgeukia jirani mwenye jibu tofauti, mnabishana dakika chache, kila mmoja akijaribu kumshawishi mwenzake. Kisha mnapiga kura ya pili. Wakipata zaidi ya 70 kati ya 100 mara ya kwanza, mwalimu anasonga mbele. Wakiwa chini ya 30, anarudi kufundisha upya. Katikati ya hapo, waache wabishane.

Unaona kilichofanyika? Kazi nzito haiko kwenye kirimoti. Iko kwenye ule ubishi.

Matokeo yapo. Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilinganisha madarasa mawili ya fizikia, kila moja lenye wanafunzi zaidi ya 260. Moja lilifundishwa kwa mihadhara na mwalimu mzoefu anayependwa na wanafunzi. Lingine lilipewa walimu wasio na uzoefu mkubwa, lakini waliotumia maswali, kura na mijadala. Baada ya wiki moja wakapewa mtihani mmoja. Darasa la mhadhara lilipata wastani wa 41. Darasa la ubishi lilipata 74. Utafiti huo ulitoka 2011, na mmoja wa waandishi wake ni Carl Wieman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kuna utafiti mwingine wa 2009, huo ni wa darasa la jenetiki Marekani, ambao mimi huupenda zaidi. Uligundua kwamba wanafunzi wanaboreka baada ya kujadiliana hata pale ambapo hakuna hata mmoja kwenye kundi aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni. Yaani si suala la kunakili kwa mwerevu. Watu wawili waliokosea, wakilazimika kueleza walivyofikiri, wanaweza kufika penye ukweli.

Sasa rudi kwa malaria yetu. Fikiria swali lile la Ziwa na mlimani likiwekwa mbele ya wanafunzi 200 wa udaktari wa mwaka wa pili. Wanapiga kura. Wengi wanasema kipimo kitaaminika sawa sawa kote kote, kwani si ni kipimo kile kile? Jamaa wa Homa Bay anamgeukia dada wa Nyeri na kumwambia, "Zii, kwetu kila mtoto ameshaugua malaria, kwenu mnaisoma kwenye kitabu." Hapo ameshasema hesabu nzima bila kutaja fomula. Prof akichora foleni ya watu 1,000 baada ya hapo, inashika. Mwanafunzi huyo hatasahau, manake alikosea hadharani bila kuaibika, halafu akajirekebisha mwenyewe.

Lakini tusiuziwe vidude

Hapa lazima tuongee kama Wakenya, kwa sababu sisi tumeshaona filamu hii. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi vya watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni 1 vikapelekwa shule za msingi za umma. Waulize walimu unaowajua vilipo saa hii. Shule nyingine vilifungiwa kabatini visiibwe, kwingine stima ikawa tatizo. Tulinunua kifaa kabla ya kujiuliza mwalimu atakifanyia nini.

Kwa hivyo mtu akija na tenda ya "madarasa ya kidijitali" ya vyuo vya udaktari, na atakuja, jambo la kwanza la kumwambia ni hili: mwaka 2008 mtafiti wa Kanada, Nathan Lasry, alilinganisha wanafunzi waliopiga kura kwa virimoti na waliopiga kura kwa kuinua kadi zilizoandikwa A, B, C, D. Mtindo ulikuwa ule ule wa Mazur. Kiasi walichojifunza hakikutofautiana kwa maana yoyote. Kadi za manila! Mazur mwenyewe alianza bila virimoti.

Je, ina maana vidude havina kazi? La. Vinafaa kwa mambo matatu: vinaficha jina, vinahesabu haraka ukumbi wa watu 300, na vinaweka kumbukumbu ya majibu ili mwalimu ajue mwaka ujao swali gani linawaangusha watu. Kwa Kenya ambako karibu kila mwanafunzi wa chuo ana simu, hata kirimoti hakihitajiki. Kahoot na Mentimeter zinatumika kwa simu tu. Kinachohitajika ni waifai ya chuo isiyolala, kwa sababu si haki mtu achome bando lake ili lec ajue kama ameelewa. Pasipo na waifai, manila ipo.

Na hata hizo programu zina mtego. Kahoot, kwa mfano, imejengwa kama mchezo: ukijibu haraka unapata pointi zaidi, jina linapanda juu, muziki unalia. Inachangamsha, sikatai. Lakini swali la kipimo na foleni ndilo swali ambalo jibu la haraka ndilo baya. Wale wa Harvard waliosema 95 walijibu kile kinachokuja kichwani kwanza. Ukimzoesha daktari kwamba kidole chepesi ndicho kinachoshinda, umemfundisha kosa lenyewe. Zima saa. Zima muziki. Wape dakika 3 za kuhesabu.

Mtego wa pili uko kwa wanafunzi wenyewe. Utafiti wa Harvard wa 2019 ulionyesha kwamba waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mtamu. Kubishana kunachosha, kunakuacha na shaka. Mhadhara mzuri unakuacha na raha ya kuelewa hata kama hujaelewa. Kwa hivyo mwalimu akianza mtindo huu, usishangae darasa likinung'unika ati "huyu hafundishi, anatuuliza tu." Chuo kinachopima walimu kwa fomu za wanafunzi peke yake kitamwadhibu mwalimu bora.

Na wapo watakaosema, ndugu, hospitali haina glavu, unaniletea grafu? Naelewa. Lakini kipimo kikisomwa vibaya kinakula pesa pia. Kila mtoto aliyesingiziwa malaria anakunywa dawa iliyonunuliwa. Kila mtu aliyesingiziwa saratani anatumwa kwa vipimo vingine, na hivyo vinalipwa na familia, na mara nyingi kwa harambee ya WhatsApp. Kufundisha watu kusoma kipimo ni njia mojawapo ya kuokoa hizo glavu.

Tena si jambo geni kwetu. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imekuwa ikifundisha kwa vikundi vidogo vinavyojadili visa vya wagonjwa badala ya kukaa na mihadhara mitupu. Ubishi wa kimasomo una mizizi hapa hapa. Kinachobaki ni kuupeleka kwenye somo la takwimu, na kwenye kumbi kubwa ambako vikundi vidogo haviwezekani.

Kinachotakiwa basi si ghali. Benki ya maswali mazuri, yaliyoandikwa na walimu wa takwimu pamoja na madaktari wa wodini, kwa magonjwa ya hapa: malaria ya Ziwa na ya mlimani, kifua kikuu, saratani ya mlango wa kizazi. Vyuo vyote viyatumie bure. Mwalimu apewe muda wa kuyaandaa na asihesabiwe kwamba amezembea. Na swali moja la aina hii liwepo kwenye mtihani wa mwisho, kwa sababu sote tunajua mwanafunzi wa Kenya husoma kile kitakachotahiniwa.

Wewe je, unaingia wapi?

Unaingia pale unapokuwa peke yako kwenye bedsita na kile kijiti cha kujipima virusi vya Ukimwi. Vipimo hivyo vya kujipima viliruhusiwa hapa mwaka 2017 na vimesaidia watu wengi walioogopa kwenda kliniki. Ukiona mistari miwili, moyo unasimama. Lakini mistari miwili kwenye kijiti si jibu la mwisho, ni sababu ya kwenda kupimwa upya na mhudumu wa afya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zithibitishe kwa vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu anavyo. Sababu ni hesabu ile ile ya foleni. Maambukizi yamepungua na wengi walio na virusi tayari wanajijua na wako kwenye dawa. Kwa hivyo wanaobaki kwenye foleni ya kupimwa wengi hawana, na kadiri wasio navyo wanavyozidi, ndivyo sehemu ya waliosingiziwa inavyokua.

Kijiti kikionyesha mstari mmoja pia kuna jambo la kujua: maambukizi ya majuzi sana yanaweza yasionekane, kwa hivyo kama kuna siku unayoiwazia, rudia baada ya muda utakaoelekezwa.

Na siku nyingine ukiwa mbele ya daktari na karatasi ya maabara, huhitaji kuwa na digrii. Muulize kwa heshima: "Daktari, kati ya watu 1,000 kama mimi, wa umri wangu, wanaotoka ninakotoka, wakipata jibu hili, ni wangapi wanao kweli?" Daktari aliyefundishwa vizuri atachukua kalamu na kukuchorea, au atakwambia anahitaji kuangalia. Majibu yote mawili ni mazuri. Akikurushia tu, "Kipimo hiki ni asilimia 95," sasa unajua cha kumuuliza tena: asilimia 95 ya nani?